Jina la Mkopaji: Utangulizi

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano zilizokuwa na mtaji pungufu. Mojawapo ilikuwa Njombe Community Bank. Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi. Wenye akiba walistahili fidia isiyozidi shilingi milioni 1.5, kiwango cha wakati ule, na wenye mikopo walibaki na madeni yao, kwa kuwa benki ikifa deni halizikwi nayo. Kwa makundi yote mawili mfilisi yeyote huanzia kwenye swali moja: huyu aliyesimama mbele yangu ndiye yule aliyeandikwa kwenye daftari?

Swali hilo ndilo somo ninalokukaribisha kujifunza. Ninawaandikia wanafunzi wa sheria na takwimu, maafisa mikopo, makatibu wa SACCOS, na kila aliyewahi kuambiwa dirishani kwamba majina yake hayafanani, akarudishwa nyumbani na bahasha yake ya vyeti. Somo hili lina sheria ndani yake, lina hesabu, na lina desturi zetu za kupeana majina. Ukilichukua fungu moja ukaacha mengine, hutaelewa kwa nini mama wa Lyamkena, mjini Makambako, aliyerejesha mikopo yake yote kwa wakati anaonekana kwenye kompyuta ya benki kama mtu ambaye hajawahi kukopa.

Niweke msimamo wangu mapema. Taarifa za wakopaji huzungumzwa mara nyingi kama mtego wa wakwepa madeni, na jina lenye utata hutazamwa kama ujanja wa kukimbia deni. Wajanja wapo, na wadhamini wao wanawajua vizuri. Lakini anayeumizwa zaidi na jina lililogawanyika ni mlipaji mwaminifu. Deni baya lina watu wa kulitafuta: afisa mikopo, mdhamini, wakala wa kukusanya madeni. Sifa njema haina anayeitafuta isipokuwa mwenyewe, na ikishaandikwa chini ya jina jingine, humwacha mwenye nayo akianza upya kila mara, kwa mkopo mdogo na riba kubwa, au akiangukia kwenye mikopo ya kausha damu.

Kwanza, njia inayopitiwa na taarifa zenyewe. Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 na kanuni mbili za mwaka 2012, moja ya kanzidata ya taarifa za wakopaji na nyingine ya kampuni zinazozichakata, ndizo zilizojenga mfumo tulio nao. Benki na taasisi za fedha zinapeleka taarifa za mikopo yao kwenye kanzidata ya Benki Kuu. Kampuni zenye leseni, Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania, huzichukua, huzipanga, na kuzitoa kwa mkopeshaji anayeuliza habari za mwombaji. Ukoo wa hiyo kampuni ya pili unafika New York ya mwaka 1841, Lewis Tappan alipoanzisha wakala wa kuwapa wafanyabiashara habari za wateja wa mbali wasiowajua kwa sura. Tangu siku hizo kazi ni ileile: kumweleza mtu asiyekufahamu kama unaaminika. Na asiyekufahamu hana pa kuanzia ila jina lako.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Kampuni ya taarifa za wakopaji hailitungi jina lako, inalipokea. Linatoka kwa mkopeshaji, naye alilinakili kutoka kwenye kitambulisho ulichompa siku unafungua akaunti. Marekebisho kwa hiyo yanafuata mkondo wa maji: yanaanzia chanzoni na kuteremka. Anayekimbilia kampuni ya taarifa kabla ya kurekebisha jina benki atasahihishiwa leo, na taarifa ya mwezi ujao itakapotumwa na benki, jina la zamani litarudi.

Sasa tuje kwenye majina yenyewe. Mfano mzuri ni Makambako, mji wa njia panda mkoani Njombe. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo, reli ya TAZARA ina stesheni yake hapo, na barabara ya Njombe na Songea inachomoka hapo. Wabena wa kando ya mji hukutana na wafanyabiashara wa Kikinga kutoka Makete, Wapangwa wa Ludewa, Wahehe wa upande wa Iringa, na wageni walioshuka na mbao, viazi au parachichi. Kila familia ilikuja na namna yake ya kutaja majina. Wengi tuna majina matatu: langu, la baba, na la babu au ukoo. Kanisani mtoto aliandikwa kwa jina la ubatizo. Shuleni mwalimu aliandika alivyosikia. Kwenye kadi ya mpigakura yakaingia mawili tu, na kwenye daftari la kikundi cha akina mama mtu akaitwa Mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Chukua jina Rehema Yohana Mwalongo. Bila mtu yeyote kudanganya, linaweza kuwa Rehema Yohana kwenye akaunti ya zamani, Lehema J. Mwalongo kwenye cheti cha ubatizo, Rehema Mwalongo Yohana kwenye fomu iliyotanguliza ukoo kabla ya jina la baba, na baada ya ndoa Rehema Yohana Sanga. Hayo ni mafaili manne ya mtu mmoja. Mwanaume wa umri uleule, aliyeoa badala ya kuolewa, angekuwa na matatu. Ndiyo maana nawasihi wanaoingia kwenye somo hili wasiliite la watu wote kwa usawa: ndoa, talaka na ujane hupita juu ya jina la mwanamke, na mara nyingi historia yake ya mikopo hubaki upande wa pili wa mstari.

Kitambulisho cha Taifa kilibadilisha mengi. NIDA, mamlaka iliyoanzishwa mwaka 2008, humpa mtu namba yenye tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na kufikia ukomo wake Januari 20, 2020, ndio uliowafanya wengi watambue kwamba jina walilolizoea na jina lililo NIDA si moja. Siku hizi mtu akikutumia hela kwa simu, jina linalotokea kabla hajathibitisha ni lile la usajili. Nimesikia watu wakiulizana, "Mbona limetokea jina la mwingine?" Si la mwingine, ni lako lililoandikwa na karani. Na tangu huduma ya mikopo ya simu ya M-Pawa ianze mwaka 2014, jina hilo la kwenye simu limekuwa pia jina la mkopaji, hata kama anakopa shilingi elfu kumi za mbolea.

Uzuri wa namba ni kwamba haiolewi. Jina likibadilika, namba inabaki, na kumbukumbu zilizofungwa nayo zinaendelea kushikamana. Mikopo iliyochukuliwa kwa kadi ya mpigakura au leseni ya udereva kabla mtu hajapata namba ndiyo inayobaki nje. Wakopaji wa miaka ile, ambao leo ni watu wazima wenye mashamba na mabanda ya mbao, ndio wenye historia ndefu, na ndio wanaoipoteza.

Sheria inatofautisha hali ambazo dirishani huchanganywa. Ipo hali ya kosa la uandishi, herufi iliyokosewa, ambayo husahihishwa kwa kuonyesha cheti sahihi: cheti cha kuzaliwa cha RITA kwanza, na pasipo nacho nyaraka nyingine zinazokubalika, pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Ipo hali ya mtu mmoja kujulikana kwa majina kadhaa, na dawa yake ni kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba majina yote hayo ni yake. Na ipo hali ya kuamua kuacha jina na kuchukua jingine. Hiyo inadai hati ya kisheria ya kubadili jina, inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Aliyeolewa hutumia cheti cha ndoa. Kumtuma mwenye kosa la herufi moja akatafute hati ya kubadili jina ni kumtoza gharama asiyostahili, kwa sababu yeye hajabadili kitu.

Utaratibu ninaoupendekeza, kwa hiyo, ni kuanzia NIDA, kisha kwenda kwa kila mkopeshaji aliye na faili lako, hata yule uliyemaliza deni lake, na kuomba ahuishe taarifa zako na kuzituma upya. Omba uandikiwe kwamba zimepokelewa. Baada ya hapo ndipo unaomba taarifa yako kwenye kampuni zote mbili na kuisoma mstari kwa mstari. Ukikuta kosa, unawasilisha pingamizi pamoja na nakala zako. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinakupa njia ya malalamiko dhidi ya benki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kurekebishiwa taarifa zisizo sahihi, na ina Tume ya kupeleka malalamiko yako.

Wengi huomba jina la zamani lifutwe kabisa. Nawaelewa, hasa mwanamke aliyetoka kwenye ndoa iliyomuumiza. Lakini namshauri akubali libaki likiwa limeandikwa kama jina la awali. Kampuni za taarifa za mikopo za Marekani huorodhesha majina ya zamani pamoja na jipya, na sababu ni ya kumfaa mkopaji: jina la awali ndilo daraja linaloivusha historia yake. Likifutwa, miaka yake ya marejesho mazuri inabaki ng'ambo.

Nimeacha mwisho sehemu inayonivutia kuliko zote, ya hesabu. Kompyuta inajuaje kwamba kumbukumbu mbili ni za mtu mmoja? Mwaka 1918 Robert Russell wa Pittsburgh alipewa hataza ya kanuni ya kupanga majina kwa sauti, iliyozaa ile inayojulikana kama Soundex. Hubakiza herufi ya kwanza, hutupa irabu, na konsonanti zinazokaribiana huzipa tarakimu moja. Mwaka 1959 Howard Newcombe na wenzake nchini Kanada walitumia kompyuta na kanuni hiyo kuunganisha kumbukumbu za ndoa na za vizazi. Mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter wakaipa kazi hiyo nadharia kamili.

Pitisha majina ya Njombe kwenye Soundex uone. Petro na Peter yote yanatoa P360, vizuri kabisa. Lakini Yohana ni Y500 na Johana ni J500, basi hayakutani. Rehema na Lehema hayakutani kamwe, kwa kuwa herufi ya kwanza haiguswi. Na hata katikati ya neno, l ni 4 na r ni 6, sauti mbili ambazo ndimi nyingi za nyanda za juu huzipokezanisha bila kujali. Upande wa pili, Mwalongo na Milinga, koo mbili tofauti, zote zinatoka M452, kwa sababu irabu zinazozitofautisha zimetupwa. Kanuni iliyotungwa kwa majina ya Kiingereza inawatenganisha ndugu zetu na kuwaunganisha wasiojuana.

Fellegi na Sunter wanatufundisha jambo jingine: kufanana kwa jina adimu kuna uzito kuliko kufanana kwa jina la kawaida. Sanga akikutwa katika mafaili mawili Mwanza, pana dalili nzuri kwamba ni mtu mmoja. Sanga kwenye mafaili mawili Makete au Makambako, dalili hiyo ni ndogo mno, kwa kuwa mtaa mzima ni akina Sanga. Uzito uliokokotolewa kwa nchi nzima utawakosea watu wa hapa, na kosa lake ni la hatari kuliko faili kugawanyika: litambandika mtu mwaminifu deni la jirani yake.

Kanuni ya kufaa majina yetu ingezihesabu l na r kuwa moja, ingelinganisha Y na J za mwanzo katika majina ya ubatizo, ingetunza irabu, ingekubali majina matatu kwa mpangilio wowote, na uzito wa kila ukoo ingeupima kwa wilaya. Pale hesabu inaposita, Fellegi na Sunter wenyewe waliacha fungu la kumbukumbu za kuamuliwa na binadamu. Binadamu huyo awe anayejua koo za Kitandililo na za Lupembe. Malighafi ya kazi hiyo tunayo: daftari za ubatizo za KKKT na za Jimbo Katoliki la Njombe, na daftari za wanachama za SACCOS. Zinahitaji mwanafunzi mvumilivu, ridhaa ya wenye majina kama sheria ya 2022 inavyotaka, na meza karibu na dirisha.