Linda kwanza kifaa kinachosimamia seva

Usalama wa data ukitajwa hapa Pwani, wengi hufikiria matapeli wa simu. Mimi kazi yangu ni kusimamia seva, na leo nataka tuutazame mlango mwingine ambao wakubwa wa ofisi nyingi hawajui hata kama upo.

Tangu kebo za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009, shughuli nyingi zimehamia kwenye kompyuta: faili za wagonjwa, akiba za sacco, karo za shule. Seva zinazohifadhi haya yote hukaa kwenye chumba chenye baridi, na msimamizi wake huenda yuko mbali.

Huzifikia vipi? Ndani ya seva nyingi kuna kompyuta ndogo ya usimamizi. Dell huiita iDRAC, HPE huiita iLO. Hii hubaki macho hata seva yenyewe ikiwa imezimwa, mradi umeme upo. Kupitia hapo unaweza kuiwasha seva, kuizima au kuiwekea mfumo mpya. Seva zikiwa nyingi, husimamiwa pamoja kutoka sehemu moja kwa mitambo kama OneView ya HPE. Ni raha kwa msimamizi, lakini mwizi akiingia hapo amepata funguo za nyumba nzima.

Si hofu tupu. Mwaka 2017 iligunduliwa kasoro katika iLO 4: ombi lenye herufi A 29 zilizofuatana lilitosha kupita bila nywila. HPE ilitoa marekebisho, lakini marekebisho humsaidia aliyeyaweka tu. Mwaka 2018 wahalifu wa JungleSec waliingia kupitia milango ya usimamizi iliyoachwa wazi kwenye intaneti, wakafunga mafaili na kudai pesa.

Basi tufanye nini?

Kwanza, badilisha nywila ya kiwandani siku ile ile kifaa kinapofungwa. Kwa miaka mingi iDRAC ilikuja na jina "root" na nywila "calvin", na dunia nzima inazijua.

Pili, usikiweke kifaa hiki kwenye intaneti moja kwa moja. Kipe mtandao wake, mbali na ule wa wafanyakazi na wageni. Anayetoka nje apitie VPN.

Tatu, kila mtu awe na akaunti yake, na apewe uwezo unaolingana na kazi yake. Anayekagua joto la seva hahitaji uwezo wa kufuta diski. Akiacha kazi, akaunti ifungwe siku hiyo hiyo.

Nne, weka masasisho, hifadhi nakala ya mipangilio mahali pengine, na hakikisha saa ya kifaa ni sahihi. Kumbukumbu zenye saa mbovu hazitakuambia nani aliingia lini.

Hili la mwisho lina uzito wa kisheria. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayesimamia data za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue zimevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe. Bila kumbukumbu, utamwambia nini?

Kama wewe ni mwenyekiti wa sacco au mkuu wa shule, huhitaji kuwa fundi. Muulize fundi wako maswali mawili: nywila ya kiwandani imebadilishwa? Ni nani wanaoweza kuingia? Akisitasita, kazi ianze leo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.