Hakimiliki na Muziki wa Soul: Noti Zilivyoishinda Santuri

Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909, iliyotumika hadi mwisho wa 1977, ililinda utunzi kama ulivyoandikwa kwenye noti zilizopelekwa serikalini. Wanamuziki wa soul iliwapunja, kwani wengi walitungia studioni. Mmoja wao, mwimbaji Marvin Gaye, hakuwa mwandishi wa noti. Za "Got to Give It Up" (1977) ziliandikwa na mtu mwingine baada ya wimbo kurekodiwa, na mengi yanayomfanya msikilizaji atikise kichwa hayamo.

Mwaka 2013 wanamuziki Robin Thicke na Pharrell Williams walitoa wimbo "Blurred Lines". Thicke aliliambia jarida moja kwamba walitaka kitu chenye mwendo wa wimbo ule wa Gaye, kauli aliyokuja kuikana kwa kiapo. Wao ndio waliotangulia mahakamani, wakiomba itamkwe kuwa hawakunakili. Mambo yakawageukia. Santuri ya Gaye haikupigwa mbele ya juri huko Los Angeles, kwa kuwa kilichobishaniwa ni noti tu. Hata hivyo, Machi 2015 juri iliwapa watoto wa Gaye dola zipatazo milioni 7.4. Jaji alizipunguza hadi milioni 5.3, akaongeza nusu ya mirabaha ya baadaye. Rufaa ya 2018 ilikwama kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Huyo mmoja, Jacqueline Nguyen, alionya kwamba familia imemilikishwa mtindo wa muziki, na hoja yake ndiyo yenye uzito zaidi.

Woga ulitanda upesi. Mwaka huohuo wa 2015, watunzi wa bendi ya Gap Band waliongezwa kwenye orodha ya watunzi wa wimbo "Uptown Funk" bila kesi kusikilizwa.

Kisha ikaja zamu ya mwimbaji Ed Sheeran. Warithi wa Ed Townsend, aliyetunga "Let's Get It On" (1973) pamoja na Gaye, walidai "Thinking Out Loud" wa Sheeran umeiga kodi za gitaa za wimbo wa Gaye. Sheeran alipiga gitaa kizimbani, na Mei 2023 juri ya New York ikamwona hana hatia. Kampuni iliyonunua sehemu ya mirabaha ya Townsend ilijaribu njia nyingine: kutumia usajili wa 2020 wa santuri yenyewe, ili besi na ngoma zihesabike. Novemba 2024 mahakama ya rufaa ilikataa. Kinacholindwa ni noti zilizowasilishwa 1973, nazo hazina besi hiyo.