Kutoka Zange hadi Shengena

Mgeni anayeshuka basi mjini Same mara nyingi huwa ameshaamua anakokwenda: Mkomazi. Lango lake la Zange liko kilomita chache tu kutoka mjini, kwa hiyo hana sababu ya kusitasita. Ila mimi humshauri asimalize siku zake zote nyikani. Upare umelindwa kwa namna tofauti kadiri unavyopanda, na hilo halionekani kwa aliyekaa ndani ya gari tu.

Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 3,200, na upande wa kaskazini inapakana na Tsavo Magharibi ya Kenya. Mvua zikinyesha, tembo, choroa na pundamilia huvuka kutoka upande huo, hivyo ukija kiangazi unaweza kuzunguka kwa muda mrefu usimwone tembo hata mmoja. Mtafute basi swala twiga, anayesimama kwa miguu ya nyuma ili afikie majani ya juu. Faru weusi nao wana historia yao. Ujangili uliwamaliza hapa kabla ya miaka ya 1990. Waliopo leo ni matunda ya kazi aliyoianza mhifadhi Tony Fitzjohn, aliyewahi kuwa msaidizi wa George Adamson, mlezi wa simba, kule Kora nchini Kenya, alipokuja kujenga uzio wa umeme. Mwaka 1997 faru wa kwanza wakaletwa kutoka Afrika Kusini.

Uzio huo una upande wa pili ambao mgeni asipouliza hausikii. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, na wafugaji waliishi ndani yake mpaka walipoondolewa mwaka 1988. Walikwenda mahakamani, shauri likafika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1999 wakakosa haki ya kurudi. Siwezi kuusifu uzio bila kulitaja hilo.

Sasa panda. Kutoka Same, mji ulio kwenye ukavu wa bondeni, barabara inazunguka kuelekea Mbaga. Hewa inabadilika, migomba inaanza, na tangawizi ya Upare Kusini inakutazama kutoka kwenye miteremko. Pale Mbaga mmisionari Jakob Dannholz wa Misheni ya Leipzig aliishi mwanzoni mwa karne ya 20, akaandika mengi juu ya imani za Wapare. Karibu na hapo yapo mapango ya Mghimbi, ambamo, kwa simulizi za wenyeji, watu walijificha wasikamatwe na wateka watumwa. Juu zaidi ni msitu wa Chome, ambao ni hifadhi ya mazingira asilia, wenye kilele cha Shengena, mita 2,462. Ndani yake yuko ndege mdogo wa kijani na manjano, mwenye duara jeupe jichoni, asiyepatikana popote pengine duniani ila Upare Kusini. Wakata mbao waliufuata msitu huu kwa ajili ya mti wa mkulo, hata baada ya sheria kukataza kuukata.

Msitu huu ndio unaoshika maji. Vijito vinavyoshuka kutoka juu huongozwa kwa mifereji hadi kwenye ndiva, bwawa dogo la mawe na udongo linalojaa usiku. Asubuhi hufunguliwa, na maji yaliyokusanyika yanatoka kwa nguvu ya kufika shamba la mbali, ambako kijito cha kawaida kingekauka njiani. Zamu hupangwa, na anayeiba maji ana wa kumjibu. Ndiva nyingi bado zinafanya kazi; kwangu hii ndiyo kazi ya uhandisi ya kutazamwa, kuliko majengo mengi tunayopelekwa kuyaona kwa heshima.

Ipo pia misitu midogo isiyo na uzio wala bango, hasa Upare Kaskazini, Usangi na Ugweno: mpungi wa ukoo, penye matambiko, na mshitu, uliotumika kwa jando. Kukata kuni humo ni mwiko. Mingi imepungua, kwa kuwa dini mpya hazikuwa na haja nayo na mashamba yalihitaji nafasi. Iliyobaki si kivutio cha kuingia upendavyo. Uliza nyumba ya jirani ni ukoo gani unaoutunza msitu, upeleke salamu kwa mzee wake, na umwache yeye aamue kama utasimama nje au utaingia. Akikataa, mshukuru na uendelee na safari.