Hogo Likifunguliwa, Kazi Bado

Juni mwaka juzi mama aliteleza akishuka kwenye mkokoteni wa ng'ombe huko Laela, akaangukia kiganja. Jioni ile ile tukampeleka kwa mwunga mifupa. Mzee alipapasa taratibu, akanyoosha, akapanga vijiti, akazungushia kitambaa na kukaza. Kulipokucha vidole vilikuwa vimevimba na vya baridi. Nilipomfinya, mama hakuhisi kitu. Tukafungua, tukakimbilia Sumbawanga mjini.

Waunga wetu nawaheshimu. Wamelisaidia eneo hili tangu enzi za mababu, na tiba asili ina sheria yake ya mwaka 2002. Lakini vidole vyao havioni ndani ya mfupa kama eksirei, na kitambaa kilichokazwa mno huzuia damu. Nyama ikikosa damu kwa saa chache, huanza kufa.

Hospitalini mama alipigwa picha, akafungwa hogo la plasta. Lilipofunguliwa baada ya wiki sita, kifundo cha mkono kilikuwa kimekakamaa. Hapo ndipo nilipowatambua wataalamu ambao wengi wetu huwaita wote "wale wa mazoezi".

Wa fiziotherapia alishughulikia kiungo na misuli: maji ya vuguvugu, kukunja na kukunjua kidogo kidogo, kisha kufinya kitambaa kilichoviringishwa, mara kumi, asubuhi na jioni.

Wa tiba kwa vitendo alianza na swali: "Mama, nyumbani unafanya kazi gani?" Mama akajibu kwamba anasonga ugali na kulima matuta. Basi akaunenepesha mpini wa mwiko kwa kuuzungushia kitambaa, akamfundisha kuushika upya.

Yupo pia mtengenezaji wa miguu bandia na vifaa vya kushikilia viungo. Chuo chao cha TATCOT kilianzishwa Moshi mwaka 1981. Mkandaji naye hulegeza misuli iliyochoka kwa jembe. Huyo asiguse mfupa uliovunjika.

Mama alirudi kwenye matuta yake msimu wa mvua uliofuata.

Ndugu msomaji, mgonjwa wako akifungwa, mwangalie vidole. Vikiwa vya baridi, vikifa ganzi au kubadilika rangi, usisubiri kukuche; mwahishe hospitali. Na siku ya kufunguliwa hogo, usiondoke kabla hujauliza chumba cha fiziotherapia kiko wapi.