DUARA LA SABABU: JE, MWANA AWEZA KUMZAA MAMA YAKE?

Wahenga walisema, mwana hutazama kisogo cha nina. Mama hutangulia na mwana hufuata, kama chanzo kitanguliavyo tokeo. Katika Dark, mchezo wa televisheni wa Kijerumani uliotolewa kati ya mwaka 2017 na 2020, utaratibu huo umepinduliwa. Wakazi wa mji wa kubuni uitwao Winden husafiri miaka 33 nyuma au mbele. Humo, Charlotte ni mama wa Elisabeth, na Elisabeth ndiye mama wa Charlotte. Aidha, fundi saa huletewa michoro ya mashine ya kusafiria wakati na mtu atokaye nyakati zijazo, ambako mashine hiyo imekwisha kuundwa. Ni nani basi aliyeibuni? Hakuna. Hali hiyo huitwa duara la sababu: tokeo huwa chanzo cha chanzo chake.

Ifahamike kwanza kwamba kuyaona yaliyopita si kuyarudia. Mkazi wa Madale apokeaye matangazo kwa dishi hupata picha iliyopanda hadi kwenye setilaiti, kiasi cha kilometa 36,000 juu ya ikweta, kisha ikashuka. Ijapokuwa mawimbi hayo huenda kwa mwendo wa nuru, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde, safari hiyo huchukua karibu robo ya sekunde. Jua nalo huonekana jinsi lilivyokuwa dakika 8 zilizopita.

Ama kwenda mbele, jambo hilo limepimwa. Mwaka 1971 Hafele na Keating, wanasayansi wa Marekani, waliizunguka dunia kwa ndege za abiria wakiwa na saa za atomu. Saa zilizokwenda upande wa mashariki zilikutwa zimechelewa kuliko zilizobaki ardhini, kwa kiasi cha sekunde 59 zikigawanywa kwa bilioni moja.

Kurudi nyuma ni suala jingine. Mwaka 1949 Kurt Gödel alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein haikatazi njia izungukayo hadi kwenye wakati ilikoanzia. Hata hivyo, ulimwengu alioueleza ni ule uzungukao wote kwa pamoja, na wetu hauonyeshi dalili hiyo. Mwaka 1992 Stephen Hawking alitoa dhana kwamba kanuni za maumbile huzizuia njia hizo. Dhana hiyo bado haijathibitishwa.

Pingamizi jingine ni rahisi zaidi. Jembe hulika kwa kulimiwa. Endapo mzee angerudi nyuma na kujipa jembe lake alipokuwa kijana, kijana naye akalilimia hadi uzeeni kisha akalirudisha, jembe hilo lingepaswa kupokewa likiwa limelika kama lilivyotolewa, na papo hapo liwe halijalika. Sheria ya pili ya thamodinamiki hufundisha kwamba uchakavu haujirudishi wenyewe. Michoro yaweza kunakiliwa upya, hivyo huepuka taabu hiyo. Lakini hubaki elimu ambayo hakuna aliyeitolea jasho.

Daktari atafutaye chanzo cha homa, na hakimu amtafutaye mtenda kosa, wote hutegemea kwamba ukirudi nyuma hatua kwa hatua, utafika mahali. Ndani ya duara la sababu uchunguzi haufiki popote, wala hapana wa kuulizwa.