Fahamu: Kuupiga picha mwezi mpevu wa Malindi mwaka mzima

Mwaka 2026 una miezi mipevu 13 badala ya 12, kwa kuwa Mei pekee ina miwili, tarehe 1 na 31. Nayo ni fursa adhimu kwa mpiga picha wa Malindi, ambaye akisimama kila mara penye mnara wa Vasco da Gama atauona mwezi wa Desemba ukichomoza kaskazini ya mashariki, na ule wa Juni kusini yake, kinyume kabisa cha jua. Na apige mapema, maadamu nuru ya magharibi ingalipo, kwani mwezi humulikwa na jua, hata kamera ikikawia kufumba, uso wake huwa doa jeupe tupu. Siku hizo za mwezi mpevu, maji ya bamvua aghalabu hujaa alasiri. Mwezi uchomozapo maji huwa yanakupwa, na miamba inateleza.