Chora Avenyi Yako

Ukimuuliza mtu wa Vulamba, mjini Butembo, nyumba yake iko wapi, atakuambia: panda kilima, pita kanisa, ukifika kwenye mikaratusi uliza. Maelekezo hayo yanamtosha motari. Hayakuwatosha waliokuwa wakifuatilia Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, visa vya kwanza vikitoka Mangina. Ukaingia Beni, Butembo na Katwa, na hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Kila mgonjwa alipaswa kuwa na mahali pake kwenye ramani, pamoja na wote aliokutana nao.

Butembo yenyewe ina ramani zaidi ya moja. Kwa meya, mji una komini nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Kwa daktari, una zoni mbili za afya, Butembo na Katwa. Vilima ni vilevile na mto Kimemi ni uleule, ila mistari imepita kwingine, na wala hakuna aliyekosea. Kila ramani ni jibu la swali fulani. Anayeisoma bila kujua swali hilo atapotea mchana kweupe.

Basi anza na swali lako. Kina mama wa avenyi yetu wanatembea umbali gani hadi chemchemi? Swali hilo linakuruhusu kuacha maduka, nguzo za umeme na rangi za mabati. Linakudai njia, vijito, miteremko na nyumba.

Kwanza tafuta kaskazini, na hapa kuwa mwangalifu. Vitabu vingi vya Ulaya vinafundisha kwamba kivuli cha saa sita mchana huelekea kaskazini. Huko ni kweli. Kwetu, karibu kabisa na ikweta, mwezi wa Desemba kinaelekea kaskazini, lakini mwezi wa Juni kinaelekea kusini! Kwa hiyo simika kijiti mahali tambarare. Weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, subiri nusu saa, weka jiwe la pili kwenye ncha mpya. Jiwe la kwanza liko magharibi, la pili mashariki. Simama la kwanza likiwa kushoto kwako na la pili kulia: unatazama kaskazini.

Kisha pima mguu wako. Pima mita 50 za kamba, zitembee kwa mwendo wako wa kawaida ukihesabu. Ukipata hatua 70, kila hatua ni sentimeta 71 hivi. Sasa tembea avenyi yote na daftari mkononi. Kwa skeli ya sentimeta 1 kwa mita 10, avenyi ya mita 180 inakuwa mstari wa sentimeta 18, na ukurasa unatosha.

Vilima vyetu vitakudanganya. Ramani hupima ardhi kama inavyoonekana na ndege aliye juu, kwa hiyo mita 100 ulizopanda kwenye mteremko wa nyuzi 20 ni mita 94 tu kwenye karatasi. Lakini anayebeba bidoni la lita 20 anazipanda zote 100. Kwa swali letu, andika mita za miguu pembeni ya njia, na chora mshale unaoonyesha upande wa kupanda.

Ukimaliza, mwonyeshe mama anayechota maji kila asubuhi. Akikuambia, “Mwanangu, umesahau kanjia ka nyuma ya migomba,” mpe penseli akachore mwenyewe.